Besi Iliyochacha

Kesho yake saa tatu asubuhi mlinzi wa jengo angepandishwa kizimbani kwa kosa la kumwua fundi redio aliyeitwa Mjomba, na Inspekta, ambaye ndiye aliyemfikisha hapo, alikuwa ameyasoma maungamo yake mara sita tangu asubuhi. Karatasi ilikuwa safi. Mwandiko wa Inspekta mwenyewe, saini ya mlinzi chini, tarehe pembeni. Kesi ya kupandia cheo. Tatizo ni kwamba kila akiisoma, anaona kuna kitu kimekosekana.

"Afande, hiyo karatasi utaitoboa kwa macho," alisema koplo kutoka meza ya pili. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwepesi wa ulimi, na hakuna mkubwa kituoni aliyewahi kumnyamazisha zaidi ya nusu saa.

"Hebu isome wewe. Niambie kitu kimoja alichosema ambacho sisi tulikuwa hatukijui."

Koplo akafuta mikono ya karanga kwenye suruali, akasoma. Akarudi juu, akasoma tena.

"Amesema ngazi, na maiti tuliikuta kwenye ngazi. Amesema saa tisa na nusu, daktari alishatuambia ni kati ya saa tisa na nusu na saa kumi. Ugomvi wa ufunguo wa mlango wa paa tuliusikia kwa mama wa cherehani, yule wa ghorofa ya tatu." Akaisukuma karatasi. "Hamna kitu, afande. Haya ni maneno yetu wenyewe, yeye katurudishia tu."

Hilo ndilo Inspekta alilokuwa akiliogopa. Alimkalisha yule mlinzi mzee kwenye benchi siku mbili, mchana na usiku, akimwuliza swali lile lile. Kila mzee alipofumba macho, aligonga meza. Siku ya pili akamwambia kwa upole kabisa, kama mtu anayembembeleza mgonjwa anywe dawa, kwamba akikubali ilikuwa bahati mbaya, mambo yatakwisha haraka. Mzee akakubali. Inspekta akaenda nyumbani akalala fofofo, na leo usingizi ule ndio uliomtia aibu kuliko yote.

"Twende tukaanze upya," alisema.

"Leo? Kesi ni kesho."

"Ndiyo maana nimesema leo."

Jengo lenyewe lilikuwa la ghorofa nne, rangi imebanduka, ngazi nyembamba ya saruji. Ghorofa ya nne alikaa marehemu, fundi redio mkongwe. Jengo zima lilimwita Mjomba, ingawa mjomba wa damu alikuwa wa mtu mmoja tu: mwanamuziki wa ghorofa ya tatu, kijana aliyeitwa Nyaya kwa jinsi chumba chake kilivyojaa waya. Mlango wa pili kwenye ghorofa hiyo hiyo ulikuwa wa mama wa cherehani. Mjomba alikutwa saa kumi na robo chini ya ngazi itokayo kwake, fuvu limepasuka kwa nyuma, na mlinzi ameinama juu yake na damu kwenye mkono wa shati. Mlinzi alisema alikuwa anajaribu kumwinua. Nani angemwamini? Jana yake tu walirushiana maneno.

Mama wa cherehani alikuwa na wateja wawili mpaka jioni, akaondolewa kwenye orodha. Nyaya naye alikuwa akipiga muziki chumbani kwake. Wateja waliusikia, mama mwenyewe aliusikia. Inspekta aliandika kwenye faili kwa mkono wake: *Mtu anayepiga muziki chumbani hawezi kuwa kwenye ngazi.* Aliona ameandika jambo la maana sana.

Mama wa cherehani aliwakaribisha bila kusimama. Alikuwa na gauni la watu chini ya sindano.

"Nyie tena. Si mlishampata?"

"Tunakamilisha faili, mama," alisema Inspekta. "Ile siku, huo muziki ulianza saa ngapi?"

"Saa tisa na dakika ishirini. Na usiniulize nimejuaje, maana ninao ushahidi." Akachomoa simu chini ya lundo la vitambaa. "Nilichoka, baba. Kila siku dum-dum-dum ukutani. Nikasema leo ukianza tu naurekodi wote nikamwonyeshe mwenye nyumba. Halafu mambo yakatokea, hata hamu ya kulalamika ikaniisha."

"Siku zote tisa tangu afe ulikuwa nayo?"

"Mliniuliza?"

Koplo akaangalia dari. Inspekta akaipokea simu. Rekodi ilikuwa ya dakika arobaini na moja. Vilisikika vyombo viwili: kimoja chembamba kikicheza juu, kingine besi nzito ikitembea chini. Kifungu kile kile, kikiisha kinaanza tena, sawasawa. Walisikiliza dakika tano, wakaruka mbele, wakasikiliza tena. Kifungu kile kile.

"Hakuna binadamu anayeweza kurudia hivi," alinong'ona koplo, macho yakimwaka. "Hii inajipiga yenyewe. Aliiwasha akatoka."

"Kwa kawaida ni mzuri, sikatai," mama aliendelea, akizungusha gurudumu la cherehani. "Lakini siku ile sijui alikuwa na nini. Kule mwishoni ulikuwa unanikera mpaka kwenye meno."

Inspekta akaliandika hilo, ila hakuelewa bado anaandika nini.

Nyaya alifungua mlango kabla hawajagonga mara ya pili. Alikuwa amekonda. Chumba kilikuwa na kitanda, feni, spika mbili, na meza ndefu iliyofunikwa shuka.

"Nimekuja unionyeshe vyombo vyako," alisema Inspekta. "Vile ulivyovipiga siku ile."

"Sijaviwasha tangu siku ile, afande."

"Basi leo viwashe."

Kijana akaivua shuka taratibu. Chini yake kulikuwa na sinthesaiza mbili, mashine za kutengeneza sauti za muziki kwa umeme. Moja ilikuwa mpya, nyeusi, nyembamba. Ya pili ilikuwa sanduku la mbao lenye vifungo vya kuzungusha vya kila rangi, vingine vilitoka kwenye redio ambazo hata viwanda vyake vimekufa. Katikati ya hizo mbili kulikuwa na kijisanduku cha chuma chenye safu ya vifungo kumi na sita, kila kimoja na kitaa chake.

"Hilo sanduku la mbao alilitengeneza Mjomba," alisema Nyaya. "Miaka minne. Kila transista aliichagua mwenyewe."

"Na hiki kidogo?"

"Hiyo ni sikwensa. Yenyewe haina sauti. Kazi yake ni kuwaamrisha wenzake." Alipoanza kuchomeka waya, sauti yake ikapata uhai kidogo. "Waya huu unapeleka mapigo, ili wote watembee pamoja. Huu unapeleka umeme kidogo kidogo kwenye sanduku la mbao: ukiongezeka, noti inapanda, ukipungua, inashuka. Hatua ni kumi na sita. Kila hatua unaipa noti yake, au unaiacha kimya. Ikifika ya kumi na sita inarudi ya kwanza."

"Mpaka lini?"

"Mpaka uizime."

Koplo hakuweza kujizuia. "Kwa hiyo unaweza kuiwasha hapa ukaenda zako sokoni."

Nyaya hakushtuka hata kidogo. "Naweza, dada. Kila mwenye mashine hii anaweza. Lakini mimi sikwenda. Nilikaa kwenye stuli hii nikaisikiliza. Ndiyo kazi yenyewe, kusikiliza. Kupiga inapiga yenyewe."

Ushindi wote ambao koplo alitoka nao kwa mama wa cherehani uliishia pale. Mtu akisema nilikuwa nimekaa nasikiliza, utamkatalia kwa kitu gani? Ukuta hauoni.

Inspekta akavuta kiti akaketi. "Weka kifungu cha siku ile."

Nyaya akabonyeza vifungo kimoja kimoja, taa zikiwaka. Hatua ya kwanza, noti. Ya pili, kimya. Ya nne, noti ya juu. Aliuma mdomo kwenye hatua ya kumi na moja, akairekebisha. Kisha akawasha. Taa nyekundu ikaanza kukimbia kutoka kushoto kwenda kulia, ikarudi, ikakimbia tena, na besi ikaingia mpaka ndani ya mbavu. Ulikuwa ni ule ule wa kwenye simu.

"Tuuache," alisema Inspekta.

"Kwa muda gani?"

"Tuone."

Wakakaa. Koplo alihesabu mizunguko, akachoka, akahesabu vigae vya sakafu. Dakika saba zikapita. Mama wa cherehani akagonga ukuta mara moja, akakata tamaa. Inspekta hakuwa na sikio la muziki. Nyumbani kwake hata kupiga mluzi alikatazwa. Alichokuwa nacho ni macho, na macho aliyaweka kwenye mikono ya kijana, iliyotulia juu ya magoti.

Dakika ya kumi na mbili besi ikaanza kwenda kombo. Kidogo tu. Ile sinthesaiza nyeusi ilikuwa pale pale ilipoanzia, lakini sanduku la mbao lilikuwa likipanda, unywele kwa unywele, mpaka sauti mbili zikawa hazielewani. Ilikuwa kama maziwa yanayoanza kuchacha: huwezi kusema ni saa ngapi, ila ukionja unajua.

Nyaya alikuwa anatazama dirishani. Mkono wake wa kulia ukainuka wenyewe, ukaenda kwenye kifungo cheupe pembeni mwa sanduku, ukakizungusha kwa upana wa kucha. Besi ikarudi mahali pake. Mkono ukarudi gotini. Hakuonekana kujua kwamba ameunyanyua.

"Umefanya nini hapo?" aliuliza Inspekta.

"Nini?"

"Hicho kifungo cheupe."

"Ah. Nimetuni." Alisema bila kufikiri. "Mashine ya transista ikiwa baridi haitulii, afande. Ikianza kupata moto sauti inapanda. Nusu saa ya mwanzo lazima uirudishe, mara tatu, mara nne. Ile nyeusi haina shida hiyo."

"Na usipoirudisha?"

"Haiwezekani usiirudishe. Inauma masikio. Mjomba alikuwa anasema fundi anayeiacha..." Hapo akasita.

Inspekta aliinua kidole, kijana akaizima mashine. Katika ule ukimya akaiweka simu ya mama wa cherehani juu ya meza, akaipeleka mpaka dakika ya kumi na tano, akabonyeza. Besi ilikuwa imeanza kuchacha. Akaipeleka ishirini na tano: imechacha zaidi. Akaipeleka thelathini na nane, na hapo hata koplo, ambaye muziki wake ni wa harusini tu, alikunja uso.

"Dakika arobaini na moja," alisema Inspekta, "na hakuna mkono uliokigusa kile kifungo cheupe. Leo umekaa hapa na polisi wawili, roho iko juu, na bado mkono wako haukuvumilia. Siku ile nani alikuwa amekaa kwenye stuli hii?"

Kijana aliisukuma simu mbali na sanduku la mbao.

Inspekta alijua kwamba sauti iliyochacha haitoshi mahakamani. Wakili yeyote angeipangusa kwa leso. Alijua pia namna ya kukamua mtu mpaka aseme. Mkono wake ulikuwa tayari juu ya meza, umekunjwa ngumi, na alipouona akaushusha.

"Sikiliza," alisema. "Hulazimiki kusema chochote. Utakachosema kitaandikwa na kinaweza kutumika dhidi yako. Ukitaka wakili, sema sasa hivi, tutangoja."

Koplo akamtazama kwa mshangao. Nyaya akatikisa kichwa.

"Swali lako la kile kifungo, na yeye aliniuliza hilo hilo," alisema.

"Nani?"

"Mjomba." Akapangusa uso kwa kiganja. "Nimealikwa kupiga ng'ambo, miezi mitatu. Nilitaka michoro ya hili sanduku, likiharibika njiani niweze kulitengeneza. Akanikatalia. Alisema michoro haipewi mtu mwenye haraka, nikae naye mwaka mmoja, anifundishe waya kwa waya, kama yeye alivyofundishwa. Mwaka mmoja, afande, na ndege ni mwezi ujao."

"Ukaamua kuiiba."

"Kuichukua. Kuiiba, ndiyo." Alilimeza neno kwa shida. "Kila siku saa tisa analala. Kitanda chake kiko juu ya chumba hiki, na hapati usingizi mpaka anisikie nafanya kazi. Nikaweka kifungu, nikawasha, nikapanda bila viatu. Nilijua akisikia mashine atajua niko chini. Michoro niliipata, ila ilinichukua muda, maana kila droo ilikuwa na redio ya mtu. Nilikuwa nimeshashika ngazi kushuka ndipo mlango ukafunguliwa nyuma yangu."

"Akakukuta."

"Hakuja kunikamata. Alikuwa anakuja kunitazama mimi." Machozi yalianza, na hakuyafuta. "Alilala pale akiisikia besi inachacha. Robo saa nzima inachacha na hakuna anayeirudisha. Akajua sipo, au nimepatwa na jambo. Alitoka mbio na kikoi chake, mzee wa miaka sabini na miwili. Akanikuta kwenye ngazi, akaniambia, 'Mbona hutuni, mwanangu? Nimedhani umeanguka.' Halafu akaiona michoro."

Ukutani cherehani ya jirani ilikuwa imesimama.

"Aliishika. Nikaivuta. Yeye hakuachia, mimi sikuachia, akaja nayo, akanipita, akaanguka. Nilisikia kichwa kikigonga."

"Alikufa hapo hapo?"

Hili ndilo swali ambalo kijana alikuwa amelikimbia kwa siku tisa, lilionekana machoni. "Hapana. Nilimruka. Nikaingia humu, nikafunga mlango, nikakaa kwenye stuli. Umekosea kidogo, afande. Zile dakika kumi za mwisho kwenye simu nilikuwa hapa. Nilikuwa nimekaa hapa hapa na besi imechacha hivyo, na mkono haukuinuka. Na yeye aliniita. Mara mbili. Mama pale hakuweza kusikia kwa sababu ya mashine, lakini mimi naijua mashine, najua kipi kilicho ndani yake na kipi si chake. Nilisubiri mpaka akanyamaza. Ndipo nikazima."

"Na mlinzi alipokamatwa?"

"Nilisema watamwachia. Kila asubuhi nilisema leo watamwachia, mtu hana kosa watamfunga vipi? Halafu nikasikia amekiri." Akamtazama Inspekta, na haikuwa dharau, ilikuwa kutaka kujua kweli. "Amekirije, afande?"

Koplo akajifanya anatafuta kalamu.

Nyaya akageuza sanduku la mbao, akafungua skrubu nne za mgongoni, akatoa karatasi zilizokunjwa mara nyingi, za manjano, zimejaa mistari ya wino iliyochorwa kwa rula. Kwenye pembe moja palikuwa na doa la kahawia. Koplo akavaa glavu, akazipokea, akazitia kwenye mfuko wa ushahidi, akaandika saa.

Inspekta akatoa karatasi tupu na kalamu, akavisukuma upande wa kijana. "Andika mwenyewe. Kwa mkono wako, kwa maneno yako. Usipokumbuka kitu, andika sikumbuki. Hatuna haraka."

Ilimchukua saa nzima. Wakati huo Inspekta naye, mwisho wa meza ile ile, aliandika karatasi yake: siku ngapi, benchi gani, mara ngapi aligonga meza, na alimwahidi nini yule mzee. Koplo alisoma juu ya bega lake mpaka mwisho.

"Hii ukiipeleka kwa mkubwa, afande, kazi huna."

"Nimeijua kazi yangu miaka kumi na tisa. Niliyoifanya mwezi huu si hiyo."

Saa kumi na mbili jioni, Nyaya akiwa ameshaandikishwa na pingu zimetolewa, Inspekta alishuka mwenyewe kwenye mahabusu. Mlinzi alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, miguu imenyooshwa. Alipoona ni nani, akajiinua haraka kwa mazoea ya woga, na kile kitendo kilimchoma Inspekta kuliko tusi.

"Kaa, mzee wangu. Kaa." Akachuchumaa mbele yake. "Tumempata aliyefanya. Ameandika yote. Kesho hupandi kizimbani, unarudi nyumbani sasa hivi."

Mzee akaliwaza hilo.

"Kwa hiyo si mimi," alisema.

"Si wewe."

"Maana ulinieleza mara nyingi mpaka nikaanza kuona nilivyomsukuma. Hata shati lake nilikuwa naliona."

"Nisamehe, mzee. Kosa ni langu, na nimeliandika."

Mlinzi alitafuta viatu vyake, akavivaa bila kamba, kwa sababu kamba zilikuwa zimechukuliwa. Hakuonekana mwenye furaha. Alikaa tena akiwa navyo mguuni.

"Mke wangu alikuja Jumapili," alisema. "Aliniuliza mara tatu. Alisema, mzee, niambie ukweli, mimi ni mkeo. Nikamwambia ni mimi. Maana wewe ulisema nikibadili maneno nitaoza humu. Akaacha chakula pale mlangoni, akaenda kwa dada yake. Watoto hawajaja tena."

"Nitakwenda kwake sasa hivi, mimi mwenyewe. Nitamwambia nilikulazimisha."

"Nenda. Atakuelewa, ni mtu mwelewa." Mzee alimtazama kwa mara ya kwanza bila kuogopa. "Lakini atakuuliza jambo moja, namjua. Atasema, miaka thelathini na moja huyu hajanidanganya hata siku moja. Iweje akuogope wewe wa siku mbili, anidanganye mimi? Mtafutie jibu njiani, afande. Mimi nimelitafuta humu ndani nimelikosa."